Goti la Jumanne

Simu ya hospitali iliita Jumatano saa mbili asubuhi, Breki akiwa bado na povu la sabuni kichwani. Aliipokea huku maji yakimchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Njoo leo kabla ya saa nne," ilisema sauti ya mwanamke. "Daktari wa picha anataka kukuona mwenyewe. Na ukiweza, njoo na ndugu yako."

"Kuna nini?"

"Atakueleza daktari. Usichelewe."

Simu ikakatwa. Breki alikaa kwenye ukingo wa kitanda, sabuni ikimwingia machoni, na neno lililomganda kichwani lilikuwa hilo moja: ndugu. Njoo na ndugu yako. Wamejua, aliwaza. Leo ndiyo leo.

Tuseme ukweli mapema tusizungushane. Jana yake, Jumanne, Breki alitakiwa kwenda kupigwa picha ya goti la kulia kwenye ile mashine kubwa ya sumaku, MRI. Hakwenda. Alikwenda mdogo wake, kinyozi, na kitambulisho cha kaka yake mfukoni na kofia ya klabu kichwani. Walikuwa wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Hata mama yao aliwahi kumchapa mmoja kwa kosa la mwingine, akashtuka alipoona aliyekosa amesimama mlangoni anakula muwa. Kule mapokezi waliangalia kitambulisho, wakaangalia uso, wakasema pita ndani.

Jina la Breki alipewa na mashabiki. Alikuwa winga. Alikuwa anakimbia na mpira pembeni ya uwanja kama anafukuzwa na nyuki, halafu ghafla anasimama papo hapo, na beki aliyekuwa anamkimbiza anapitiliza hadi kwenye mabango ya matangazo. Watu walikuwa wanakuja uwanjani kwa ajili ya kuangalia mabeki wakipitiliza. Lakini miezi mitatu iliyopita alitua vibaya baada ya kupiga kichwa. Goti lilikunjika kwa ndani na kitu kikalia "ta" humo ndani, akakisikia yeye peke yake katikati ya kelele za uwanja mzima. Lilivimba siku mbili, likanywea. Alilifunga bandeji, akamwambia kocha ni msuli. Tangu hapo kila alipotaka kusimama ghafla, goti lilichomoka kidogo, kama droo iliyotoka kwenye reli zake, na aliyekuwa anapitiliza sasa ni yeye.

Siri hiyo alikuwa nayo yeye na mdogo wake tu. Na sasa timu ambayo aliota kuichezea tangu anacheza peku ilikuwa inamtaka. Mkataba ulikuwa unasainiwa Ijumaa saa nne, kwa sharti moja: picha ya goti, maana watu wao walikwishamwona akilishikashika. Breki alikuwa na miaka ishirini na saba. Kwa winga huo si umri wa kusubiri msimu ujao.

Alidhani itabidi ambembeleze mdogo wake wiki nzima. Kinyozi alicheka, akajikuna kidevu, akakubali kabla chai haijapoa.

Chumba cha daktari wa picha hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na skrini mbili zinazowaka, kitanda chembamba ukutani, na daktari mwenyewe, mzee mwembamba aliyepandisha miwani kwenye paji la uso na kuisahau huko.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

Daktari aliguna. Alivuta kiti, akakaa karibu mno, na Breki akajiandaa kuomba msamaha. Alikuwa amepanga maneno njiani. Alitaka kuanza na maisha magumu ya nyumbani, kisha amalizie kwa kuomba asiitiwe polisi.

"Nimekuita wewe kabla ya klabu," daktari alisema, "kwa sababu mwili ni wako, na wa kwanza kujua unatakiwa kuwa wewe. Kano zako ziko vizuri. Gegedu nzuri. Kwa goti la mchezaji, ni goti zuri ajabu."

Breki alitaka kucheka. Hawakujua! Hawakujua lolote.

"Tatizo liko hapa." Kalamu ya daktari iligusa skrini. Mfupa wa paja ulikuwa unashuka mweusi na laini, na juu kidogo ya goti ulikuwa na doa jeupe lenye kingo zilizochakaa, kubwa kama kokwa la embe. "Huu ni uvimbe, na umeota ndani ya mfupa. Siwezi kukwambia ni uvimbe wa namna gani mpaka tuchukue kipande tukakipime. Unaweza usiwe mbaya. Lakini sura yake siipendi, kijana, na sitakudanganya. Hauwezi kusubiri. Na huo mguu usiukanyagie sana, maana mfupa hapo umekuwa dhaifu, unaweza kuvunjika hata ukishuka ngazi."

Alichohisi Breki kwanza ni aibu kukisema, lakini tukiseme: alipumua. Si mimi, alisema moyoni. Si mimi. Ile pumzi haijafika hata nusu, damu ikamwishia usoni, akashika ukingo wa meza. Kama si yeye, alikuwa ni nani?

"Polepole," daktari alisema, akimshika bega. "Ndiyo maana nilisema uje na ndugu. Panda hapo kitandani nikuguse."

Alipanda. Vidole vya daktari vilikandamiza paja juu ya goti, ndani, nje, tena kwa nguvu zaidi.

"Inauma?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

"Usiku hupati maumivu? Hata kidogo?"

"Nalala fofofo."

Daktari alishusha miwani yake, akalitazama lile paja kana kwamba limemjibu kwa kejeli. "Ajabu," alisema. "Kitu cha ukubwa ule ningekisikia kwa vidole."

Hapo ndipo shetani, ambaye hakosi nafasi, alipomnong'oneza Breki. Hakumwambia aseme uongo. Alimwambia aseme kweli.

"Daktari, labda hiyo picha si yangu."

"Si yako vipi?"

"Mimi, pia yangu ya goti, hiki kifupa cha mbele, imegawanyika vipande viwili. Nilizaliwa hivyo. Niliambiwa humuhumu miaka miwili iliyopita, nilipopigwa eksirei. Hiyo ya kwenye skrini naiona nzima."

Daktari aliandika kwenye kompyuta, akasubiri, akafungua eksirei ya zamani upande wa pili. Picha mbili zikasimama sambamba. Katika ile ya zamani, pia ya goti ilikuwa na kipande kidogo kilichojitenga pembeni, wazi kabisa hata kwa mtu asiyejua kusoma picha. Katika ile ya Jumanne ilikuwa moja, duara, haina hata ufa. Daktari alizitazama moja baada ya nyingine. Kisha akanyanyua simu ya mezani.

"Mwambie Bi Tulia aje. Sasa hivi."

Bi Tulia ndiye aliyekuwa anaendesha ile mashine. Wagonjwa ndio waliompa jina hilo, kwa sababu neno lake kwa wote, mkubwa kwa mdogo, lilikuwa "tulia": tulia mwanangu, tulia baba, tulia picha isicheze. Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, na koti lake jeupe halikuwa na kifungo cha chuma hata kimoja. Aliingia akitabasamu. Alipoziona zile picha mbili, tabasamu lilimtoka.

"Umechanganya picha," daktari alisema.

"Sijachanganya, daktari."

"Tazama pia ya goti."

Alitazama. Alisogea akatazama tena, pua ikikaribia kugusa skrini. "Miaka ishirini na mbili," alisema polepole. "Sijawahi kuchanganya hata moja. Namuuliza mtu jina, namuuliza mwaka aliozaliwa, nasoma kitambulisho, ndipo namlaza. Kila mtu. Hata ningempiga picha mama yangu mzazi ningemuuliza jina."

"Jana ulipiga picha za magoti mangapi?"

"Manne, pamoja na la huyu."

"Basi mmoja kati ya hao watatu waliobaki ana huu uvimbe na amekwenda nyumbani na majibu ya mtu mwingine. Waite wote. Na wewe kaa pembeni kwanza, mashine ashike mwenzako, mpaka tujue kilichotokea."

Bi Tulia aligeukia mlango. Alimtazama Breki mara moja, bila chuki, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka funguo. Kisha akatoka.

Breki alijisikia vibaya. Tusimwonee, alijisikia vibaya kweli. Lakini kichwa chake kilikuwa kimekwishaanza kupiga hesabu za siku. Leo Jumatano, kesho Alhamisi, keshokutwa Ijumaa. Mashine ya MRI ilikuwa na foleni mpaka wiki ijayo, daktari alisema, lakini wangempiga eksirei ya kawaida leo hii ili klabu ipate angalau barua. Na eksirei ya kawaida inaona mfupa. Kano inazipita kana kwamba hazipo. Kano yake iliyokatika isingeonekana humo hata wangeimulika mpaka asubuhi. Ijumaa angesaini. Ijumaa hiyohiyo alasiri angemchukua mdogo wake, ampeleke hospitali nyingine, kubwa kuliko hii, yenye madaktari bingwa. Uvimbe uliokaa humo miezi hauwezi kuharibu jambo kwa siku mbili. Alijiambia hivyo mara tatu, na kila mara ilimbidi aseme kwa nguvu zaidi.

Alipigwa eksirei. Mifupa yake ilikuwa safi. Akaambiwa asubiri barua kwenye benchi la korido.

Alimpigia wakala wake. "Barua inaandikwa," alisema. "Mifupa salama. MRI watarudia baadaye, walichanganya mafaili."

"Salama inatosha!" wakala alicheka. "Nimeongea nao, wana haraka kuliko wewe. Ijumaa saa nne, vaa shati la maana."

Hakuwa amekata simu vizuri ikaita tena. Alikuwa ni mdogo wake. Nyuma yake ilisikika mashine ya kunyolea na redio.

"Kaka, vipi? Nimesikia kwa mama wamekuita. Wamesema nini?"

"Safi," Breki alisema. Lilimtoka lenyewe. "Goti safi kabisa."

Upande wa pili mashine ya kunyolea ikazimwa. "Kweli? Hawajaona kitu chochote?"

"Hakuna kitu. Daktari anasema ni goti zuri ajabu."

"Zuri ajabu." Kinyozi alivuta pumzi ndefu, kisha akacheka, kicheko cha chini ambacho Breki hakuwa amekisikia siku nyingi. "Basi sawa. Basi sawa, kaka. Asante."

Ile asante ilimbakia sikioni. Asante ya nini? Aliyetakiwa kushukuru ni yeye.

Kwenye korido walianza kufika watu wa Jumanne. Kwanza alikuja mzee mmoja mwenye fimbo, akilalamika kwamba ameacha duka bila mtu. Halafu akaja msichana mrefu aliyevaa raba na soksi za mpira wa wavu, na baba yake akimfuata nyuma na funguo za gari mkononi. Baba alikuwa amevaa shati nje ndani na hakuwa na habari. Walikaa benchi la pili.

"Wamesema ni marudio tu," msichana alisema.

"Hawamwiti mtu kwa marudio asubuhi asubuhi namna hii," baba alijibu. Aliushika mkono wa bintiye akawa anaukandakanda, na msichana akamwacha, ingawa alikuwa mkubwa wa kuona haya.

Breki aligeuza uso. Aliangalia ukuta, akaangalia saa, akaangalia viatu vyake. Angeweza kuwaambia kwa neno moja waende nyumbani. Jasho jembamba lilikuwa linamtambaa mgongoni, na korido ile ilikuwa na baridi.

Mlango wa chumba cha mashine ukafunguka. Bi Tulia alitoka bila lile koti jeupe, mkoba begani, kama mtu anayekwenda nyumbani mchana kweupe na hajui atawaambia nini. Alimwona Breki. Akaja akakaa kando yake, akauweka mkoba mapajani.

"Pole mwanangu," alisema.

"Pole wewe, mama."

"Nimekaa humo ndani nakumbuka jana yote, dakika kwa dakika. Natafuta nilipokosea. Nakumbuka uliingia na vinywele shingoni, vidogovidogo, nikakupa kitambaa ujifute visiingie kwenye mashine. Unakumbuka?"

"Nakumbuka," Breki alisema.

"Nikakuuliza kama una chuma mwilini, ukaniambia labda njaa tu ndiyo ya chuma. Nikacheka."

Breki akajilazimisha kutabasamu.

"Na nakumbuka lile swali uliloniuliza ulipolala. Limenikaa sana."

"Swali gani?"

Alijua amekosea kabla neno halijamaliza kutoka. Bi Tulia hakugeuka upesi. Aligeuka taratibu, akamtazama shingo, akamtazama mikono, akamtazama macho.

"Uliniuliza," alisema, sasa kwa sauti ndogo sana, "'Mama, hii mashine inaona mpaka ndani ya mfupa?' Nikakwambia inaona. Ukasema, 'Basi afadhali. Maana usiku silali, na nyumbani nawaambia ni kusimama kutwa.' Nilishangaa. Nikajiuliza, mchezaji mpira anasimama kutwa wapi?"

Korido ilikuwa na kelele zake zote, magurudumu ya vitanda, watoto, jina la mtu linaitwa dirishani. Breki hakusikia hata moja. Alimwona mdogo wake amelala ndani ya ule mtungi mweupe, amefumba macho, hatikisiki, haendi kule kwa ajili ya kaka yake hata kidogo. Au anakwenda kwa ajili ya wote wawili. Alikubali kabla chai haijapoa kwa sababu alikuwa anaumwa, na alikuwa anaogopa, na hakuwa na njia nyingine ya kuuliza bila kuitwa mwoga na kaka ambaye kila siku alimwambia kazi ya kusimama na mkasi si kazi ya kuchosha mtu. Alikuwa anangoja majibu. Majibu yamefika, na Breki ndiye aliyeyapokea, na amemwambia safi.

"Ni nani wako?" Bi Tulia aliuliza.

"Mdogo wangu," Breki alisema. "Tumbo moja."

Alitegemea kofi. Angelipokea kwa mikono miwili. Bi Tulia alifumba macho, akayafumbua, na alipoongea alikuwa anatetemeka kwa hasira.

"Wewe umeniacha nimeketi mle ndani nikijiona nimeua mtu. Yule binti pale na baba yake, unawaona? Umewaona?" Alinyoosha kidole bila kujali nani anatazama. "Lakini hayo yangu weka kando. Nyanyuka. Nyanyuka sasa hivi uende kwa daktari, au nikuburute mimi na huu unene wangu."

Alinyanyuka. Goti lake liliteleza kidogo, akashika ukuta, akaendelea.

Kule ndani alisema yote, amesimama, mikono nyuma kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu. Hakutaja maisha magumu ya nyumbani. Daktari alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaichukua ile barua iliyokuwa imekwishapigwa muhuri, akaichana mara mbili, akaiweka kwenye ndoo ya taka.

"Goti lako limekatika kano," alisema.

"Nadhani hivyo."

"Utaliangalia baadaye. Wachezaji nimewaona wengi." Alikuwa anaandika haraka, hamtazami. "Huyo kijana yuko wapi?"

"Kazini. Ana kibanda cha kunyolea."

"Amesimama?"

Breki akamwona na mashine mkononi. Kutwa. Kutwa nzima amesimama.

"Mlete leo. Leo, umenisikia? Asibebe kitu, asikimbie, asiruke mtaro. Ule mfupa ukivunjika kabla hatujaushughulikia, mambo yatakuwa mengine kabisa, na mguu mzima utakuwa kwenye hatari. Bi Tulia!" Bi Tulia alikuwa mlangoni. Daktari alikohoa. "Nakuomba radhi. Waambie wale watu waende nyumbani. Na ufungue faili jipya."

Njiani wakala alipiga simu mara nne. Mara ya tano Breki alipokea, akasema, "Goti bovu. Waambie ni bovu, nilidanganya," akazima simu. Alidhani ataumia. Labda angeumia kesho. Wakati ule alikuwa anahesabu vichwa: kuanzia asubuhi mpaka saa saba, mtu kama mdogo wake hunyoa vichwa vingapi, na kila kichwa ni dakika ngapi za kusimama.

Kibanda kilikuwa kimejaa. Wateja watatu kwenye benchi, mmoja kitini, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Redio ilikuwa juu. Na kinyozi alikuwa anaimba. Alikuwa anaimba kwa sauti, anazunguka kiti kwa madaha, anamchokoza mteja.

"Tulia mzee, ukicheza nitakutoa na sikio, na sikio silinyoi, sina leseni!"

Wateja wakaangua kicheko. Alipomwona kaka yake mlangoni uso wote ukafunguka.

"Goti zuri ajabu!" alimpokea kwa kelele. "Jamani, huyu ndiye mwenye goti zuri ajabu. Kaka, wewe hujui tu. Tangu tulipoongea nimejisikia mwepesi, sijui hata nikueleze vipi. Nimesimama tangu asubuhi na wala..." Akapiga hatua mbili za kucheza kuonyesha. Alipoukanyagia mguu wa kulia uso ulimkunjika, mara moja tu, akauficha kwa kicheko.

"Acha!" Breki alipiga ukelele. Redio peke yake ndiyo iliyoendelea kuongea.

Aliingia, akaizima. Alichukua stuli iliyokuwa pembeni, akaiweka nyuma ya mdogo wake.

"Kaa."

"Nina mteja, kaka."

"Kaa chini kwanza. Nakuomba."

Kinyozi alikaa. Breki alichuchumaa mbele yake, na goti lake likamchoma, akaliacha lichome. Alikuwa amepanga kumtoa nje, wazungumze faragha, lakini kumtoa nje kulikuwa na ngazi tatu.

"Nilikudanganya kwenye simu," alisema. "Si safi."

Kinyozi alimtazama. Ile furaha haikumtoka mara moja. Ilikaa usoni kidogo, haijui iende wapi.

"Lako?" aliuliza.

"Lako."

Mteja mwenye nusu kichwa aliinamisha macho. Wale wa kwenye benchi walianza kutoka mmoja mmoja, kwa adabu, bila kuaga.

"Kumbe nilikuwa sijitungii," kinyozi alisema. Aliupapasa mguu juu ya goti, mahali palepale ambapo kalamu ya daktari iligusa. "Tangu lini wamejua?"

"Saa nne asubuhi."

"Na ulinipigia..."

"Wewe ndiye uliyenipigia. Saa tano. Nikakwambia safi." Breki hakugeuza uso. "Nilikuwa nataka kusaini kwanza."

Kinyozi aliuma mdomo wa chini, machozi yakamjaa, akayafuta kwa mgongo wa mkono wenye vinywele. Nje gari lilipita likipiga honi. Breki alingoja kutukanwa. Aliyataka matusi kuliko alivyowahi kuutaka ule mkataba.

"Mama anajua?"

"Bado."

"Usimwambie kwenye simu."

"Sitamwambia. Twende, wanatungoja. Teksi iko nje, nitakushika, usikanyage."

"Siwezi kumwacha mzee wa watu na nusu kichwa." Kinyozi aliokota mashine yake, akaikung'uta. "Baba, samahani, sogea hapa chini kidogo, leo nanyoa nimekaa."

Mteja alisogea, akakaa kwenye kigoda kifupi, akainamisha kichwa. Stuli ilikuwa mbovu, mguu mmoja mfupi, ikawa inacheza kila kinyozi alipoinama. Breki aliishika kwa mikono miwili. Mashine ikawaka, ikaanza pale ilipoachia.